Haki ya Kusemewa Katika Kesi za Faini Ndogo: Mfano wa Wilaya ya Pangani

Makala haya yakusudia kueleza jambo liwapatalo watu wengi wa pwani, ambalo si mara nyingi huelezwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Mtu apewapo karatasi ya faini, au aitwapo kujibu shitaka la kuvunja kanuni ya leseni, ya ushuru au ya usafi, ni nani awezaye kumsemea, mbele ya nani, na kwa wakati gani? Mfano uliochaguliwa ni wa Wilaya ya Pangani katika Mkoa wa Tanga, kwa kuwa wilaya ile, ijapokuwa ni ndogo, ina karibu kila namna ya kesi hizo. Wapo vijana wa bodaboda na madereva wa magari ya abiria watumiao barabara ya Tanga. Wapo wavuvi wa Kipumbwi na Ushongo, ambao hutakiwa leseni zao wenyewe na za vyombo vyao. Wapo wenye maduka na migahawa. Na wapo wasafirishaji wa nazi na mazao mengine, ambao hukutana na ushuru wa Halmashauri.

Watu hudhani ya kuwa taabu ya kesi hizo yatokana na ukali wa sheria au na uhaba wa fedha. Hayo yote ni kweli, lakini liko jambo la tatu, nalo ni maneno. Maneno manne, yaani kosa, kukiri, kufifilisha na wakili, ndiyo yashikayo ufunguo wa jambo zima. Na mtu asiyeyapambanua aweza kuipoteza haki yake kabla hajajua ya kuwa alikuwa nayo.

1. Kosa, jinai na madai

Neno kosa ni la asili ya Kibantu, na katika mazungumzo ya kila siku maana yake ni pana mno. Mwindaji hukosa shabaha, mgeni hukosa njia, mtoto hukosa adabu, na mgonjwa hukosa usingizi. Kwa hiyo mtu wa Pangani aambiwapo, "Una kosa," haoni katika maneno hayo kitu cha kutisha; aona kwamba amepungukiwa na jambo fulani, na kwamba akilitimiza yamekwisha. Sheria nayo hulitumia neno hilo hilo, bali kwa maana nyembamba: kosa ni tendo, au kuacha kutenda, ambako sheria imekuwekea adhabu.

Mashauri ya mahakama za Tanzania hugawanywa mafungu mawili makubwa, jinai na madai. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Madai ni shauri la mtu kumdai mwenziwe haki, deni au fidia. Jinai ni shauri ambalo ndani yake dola humshitaki mtu kwa kosa lenye adhabu. Ziko nchi zilizojitengea fungu la tatu. Ujerumani, mathalan, ilitunga mwaka 1968 sheria ya makosa ya utaratibu, ambayo huyaweka makosa mengi madogo ya barabarani na ya leseni nje ya jinai. Tanzania haina fungu hilo. Kwa hiyo maneno asemayo mtu kujifariji, "Hii si jinai, ni faini tu," yana kosa ndani yake. Faini ni adhabu, na shitaka la kuendesha pikipiki bila kofia, au la kuuza bidhaa bila leseni, likifika mahakamani huingia katika fungu la jinai, ingawa ni dogo.

Jambo hili lina hasara na lina faida. Hasara yake ni kwamba mtu aweza kutiwa hatiani kwa neno ambalo yeye aliliona jepesi. Faida yake ni kwamba kinga za mshitakiwa wa kesi kubwa ni zake pia. Huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ni upande wa mashitaka. Naye ana haki ya kusomewa shitaka akalielewa, kuwauliza mashahidi maswali na kuwaleta wake. Katiba, katika sehemu ya haki za binadamu iliyoingizwa mwaka 1984, humpa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Haikusemwa kwamba haki hiyo yaanza kwenye kiasi fulani cha fedha.

2. Karatasi ya faini, na maana ya kulipa

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yampa askari uwezo wa kumwandikia dereva taarifa ya kosa, ambayo watu huiita notisi, pamoja na faini iliyokwisha pangwa. Kwa muda wa miaka mingi faini iliyokuwa ikitajwa na kila dereva ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mwezi wa Juni mwaka 2021, katika hotuba ya Bajeti, Waziri wa Fedha alipendekeza kwamba kwa pikipiki na bajaji kiasi hicho kipunguzwe hadi shilingi 10,000, kwa kuwa adhabu ya chombo kidogo haikufaa kuwa sawa na ya lori.

Watu wengi huifahamu karatasi hiyo kama hati ya deni: imetoka, basi hulipwa. Kwa kweli karatasi hiyo ni swali. Yamwuliza dereva, "Je, wakubali kosa hili, ulipe faini iliyopangwa, au walikataa, upelekwe mbele ya hakimu?" Alipaye amekwisha jibu. Kulipa ni kukiri. Neno kukiri, nalo la Kiarabu, maana yake ni kulithibitisha jambo kwa kinywa chako mwenyewe, na kwa desturi ya pwani mtu aliyekiri hasikilizwi tena akitaka kukana. Sheria nayo yaelekea huko huko.

Haifai kusema kwamba kila mtu akatae. Kijana wa bodaboda aliyekamatwa bila kofia, naye ajua kwamba hakuvaa, hana faida ya kupoteza siku mbili za kazi kwa ajili ya shilingi 10,000. Kutoka Pangani mjini hadi Tanga ni karibu kilomita 50, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ada ya wakili huishinda faini mara nyingi. Kwa mtu kama huyo kukiri ni busara, maadamu ajua kwamba akiri.

Lakini ziko hali nne ambazo ndani yake faini ndogo huficha jambo kubwa. Ya kwanza ni pale palipotokea ajali. Dereva akitiwa hatiani kwa uendeshaji mbaya, hukumu ile ya jinai yaweza baadaye kuletwa kuwa ushahidi dhidi yake katika shauri la madai la fidia, ambalo hesabu yake si ya maelfu bali ya mamilioni. Ya pili ni pale leseni yenyewe imo hatarini, kwa kuwa mahakama yaweza kumfungia dereva leseni. Ya tatu ni pale chombo au mali imezuiwa, kama vile nyavu, mashua au shehena, ambayo yaweza kutaifishwa. Ya nne ni pale mtu hakutenda kabisa, au aliyetenda ni mwingine, au kanuni anayoambiwa ameivunja haimhusu. Katika hali hizo nne mtu asilipe wala asitie sahihi kabla ya kupata shauri la ajuaye sheria.

3. Kufifilisha kosa

Katika sheria ndogo za halmashauri, na katika sheria nyingine za leseni na uvuvi, limo neno ambalo wasomaji wengi huliruka: kufifilisha. Lina asili katika kitenzi fifia. Rangi ya kanga hufifia kwa jua, nyayo hufifia mchangani maji yajapo, na sauti hufifia kwa umbali. Watunzi wa lugha ya sheria wamelichukua neno hilo kutaja uwezo aliopewa ofisa fulani, mathalan mkurugenzi wa halmashauri, wa kulimaliza kosa pasipo kulipeleka mahakamani, kwa kupokea malipo yasiyozidi kiwango kilichowekwa na sheria.

Neno lenyewe limechaguliwa vizuri, walakini laweza kumdanganya msikilizaji. Kitu kilichofifia bado kilikuwapo. Sharti la kufifilisha, kwa kawaida, ni kwamba mwenye kushitakiwa akiri kwa maandishi kuwa alilitenda kosa, na akubali kulipa. Mvuvi aambiwaye ofisini, "Jaza fomu hii tukufifilishie," aweza kudhani kwamba afutiwa kosa; kumbe aandika kwa mkono wake kwamba alilitenda. Kufuta na kufifilisha si kitu kimoja. Kilichofutwa hakina mwenyewe. Kilichofifilishwa kina sahihi yake chini.

Kwa hiyo mtu aletewapo fomu ya namna hiyo yampasa aulize mambo matatu. Ni sheria gani, na kifungu gani, kinachompa ofisa huyu uwezo wa kufifilisha? Kiwango cha juu cha malipo ni kipi? Na baada ya kulipa, mali iliyozuiwa yarudishwa au hairudishwi? Kisha adai stakabadhi ya Serikali. Malipo yasiyo na stakabadhi hayakufifilisha kitu.

4. "Ni kweli": jibu fupi mahakamani

Mtu aliyekataa kulipa, au ambaye kosa lake halina njia ya kufifilishwa, husimama mbele ya hakimu, akasomewa shitaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapa ndipo lugha inapofanya kazi yake kubwa. Mtu wa pwani aliyelelewa kwa adabu, akisemeshwa na mkubwa, huanza kwa kukubali. Aweza kusema, "Ni kweli, mheshimiwa, lakini leseni ilikuwa nyumbani," au, "Ni kweli, ila chombo si changu." Kwa maoni yake amejitetea. Kwa asiyesikiliza vyema, amekiri.

Mahakama za juu zimelitambua jambo hilo zamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza hatua za kuchukua maungamo: mshitakiwa asomewe shitaka na kila sehemu ya kosa katika lugha aielewayo; jibu lake liandikwe kwa karibu iwezekanavyo na maneno aliyoyatamka; asomewe habari ya tukio; naye apewe nafasi ya kuipinga au kuiongezea. Akionyesha shaka, jibu lake libadilishwe, liandikwe kuwa amekana. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Tanzania nayo ilitaja sababu ambazo kwazo mtu aliyekiri aweza kukata rufani juu ya hatia yake, zikiwamo kwamba maungamo yake hayakuwa wazi, au kwamba alikiri kwa kutoelewa. Pasipo sababu za namna hiyo, aliyekiri huweza kulalamikia adhabu tu.

Yafuata, basi, ya kuwa mtu asiye na wakili ajitahidi kuanza na neno linalobeba utetezi wake. Kama kosa hakulitenda, jibu lake liwe, "Si kweli," ndipo aeleze. Adabu haivunjwi kwa kukana lisilokuwapo.

5. Wakili, ndugu, msaidizi na kishoka

Neno wakili lilikuwa katika Kiswahili kabla ya kuwapo kwa mahakama za leo. Kwa maana yake ya zamani ni mtu aliyepewa madaraka ya mwingine: wakili wa shamba, wakili wa biashara, na wakili katika nikahi, asimamaye mahali pa walii wa bibi arusi. Maana ya mwanasheria aliyesajiliwa ni nyembamba na ya baadaye. Katika Tanganyika, Chama cha Wanasheria kiliundwa kwa sheria mwaka 1954, na tangu hapo wakili wa mahakamani ni mtu aliyeandikwa katika orodha ya mawakili na mwenye cheti cha kufanya kazi kwa mwaka ule.

Maana hizo mbili zinapochanganyika huzaa madhara. Mzee wa Pangani aweza kusema, "Mwanangu ndiye wakili wangu," naye asema kweli kwa lugha ya nyumbani. Lakini hakimu wa kesi ya jinai hawezi kumpokea mwana huyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu yairuhusu Mahakama ya Mwanzo kumkubali ndugu au mtu wa nyumba moja amsemee mwenye shauri, kwa ombi la mwenye shauri, ila katika mashauri ya madai tu. Kesi ya faini, kama ilivyokwisha kuelezwa, ni jinai.

Ama wakili mwenyewe, mipaka yake ilikuwa hivi. Katika mahakama zote za jinai zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo, yaani Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na kuendelea, mshitakiwa ana haki ya kutetewa na wakili, hata kama shitaka ni dogo namna gani. Katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mashitaka mengi ya sheria ndogo husikilizwa, wakili alikatazwa. Katazo hilo lilirithiwa kutoka mahakama za wenyeji za wakati wa Waingereza, chini ya sheria ya mwaka 1929, nalo liliendelea katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba mashauri yaende upesi na kwa gharama ndogo, na kwamba mwenye fedha asimshinde maskini kwa ufasaha wa kununua. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, wakili akaruhusiwa kufika katika Mahakama ya Mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi. Kwa hiyo swali la kwanza la mshitakiwa wa Mahakama ya Mwanzo kwa karani liwe hili: "Hakimu wa shauri langu ni hakimu mkazi?" Jibu lake ndilo litakalomwambia kama safari ya Tanga kutafuta wakili ina maana.

Kwa asiye na uwezo wa kulipa, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyoondoa ile ya mwaka 1969 iliyohusu kesi za jinai peke yake. Sheria hiyo yamtambua msaidizi wa kisheria, yaani mtu aliyepewa mafunzo na kusajiliwa, asiye wakili. Huyu aweza kueleza sheria, kusaidia kuandika barua na kumwelekeza mtu ofisi ya kwenda, tena bila malipo. Kusimama mahakamani kutetea si kazi yake. Sheria hiyo hiyo yampa hakimu uwezo wa kuthibitisha kwamba mshitakiwa, kwa ajili ya haki na kwa upungufu wa mali yake, astahili kupewa msaada. Mshitakiwa asiyejua jambo hilo haliombi, na lisiloombwa mara nyingi halitolewi.

Mwisho yuko kishoka. Neno hili la mitaani, ambalo kwa asili ni shoka dogo, sasa hutaja mtu ajifanyaye fundi wa kazi asiyokuwa na kibali chake. Na wakili kishoka ni mtu akaaye karibu na mahakama, akachukua ada, akatoweka siku ya kesi au akafukuzwa mbele ya hakimu. Dawa yake ni nyepesi: kuomba jina kamili, kulitazama katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili, na kudai stakabadhi.

6. Lugha ya mahakama

Kwa miaka mingi shauri la Mahakama ya Wilaya liliweza kusikilizwa kwa Kiswahili, kisha kumbukumbu na hukumu vikaandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi wa Kipumbwi alisema kwa lugha yake, akahukumiwa kwa lugha nyingine. Na alipotaka kukata rufani alihitaji mtu wa kumsomea alichohukumiwa kabla ya kuhitaji mtu wa kumtetea. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kitumike pale haki inapokitaka.

Hiyo ni hatua kubwa, walakini haitoshi. Neno la sheria likiandikwa kwa Kiswahili halijawa bado neno la watu. Kufifilisha ni Kiswahili safi, lakini mtu aweza kulitia sahihi pasipo kulielewa, kama vile ambavyo angetia sahihi Kiingereza. Kazi ya kuyafafanua maneno haya si ya wanasheria peke yao. Ni ya walimu, ya watungaji wa kamusi na ya watendaji wa vijiji, ambao mbao zao za matangazo husomwa kuliko magazeti ya Serikali.

Kwa muhtasari, mtu wa Pangani aliyepewa karatasi ya faini au fomu ya ofisini afanye hivi. Asome jina la sheria na la kosa. Akishindwa, amwombe mtu amsomee papo hapo. Atazame kama imo mojawapo ya hali nne zilizotajwa. Kama haimo, na kosa alilitenda, alipe na kutunza stakabadhi. Kama imo, asitie sahihi, aulize ni mahakama gani, na amtafute wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya siku ya kusomewa shitaka, si baada yake.

Kitenzi kusemea kina maana mbili katika Kiswahili. Kumsemea mtu ni kusema kwa ajili yake. Na kumsemea mtu, kama watoto wafanyavyo kwa mwalimu, ni kumshitaki. Aliyetia sahihi asichokielewa amejisemea kwa maana ile ya pili.